Sosi ya Kutoka Khwisero

Ukitaka kumwona Ignatius Shikanga akifurahi, usihangaike kumtafutia nyama. Mpe kitu cha kuchovya. Huyu fundi wa makochi, ambaye kutwa nzima hunukia gundi na sponji, anaweza kula obusuma, ugali wetu, bila mboga na akashukuru Mungu, mradi pembeni kuna kijiko cha kitu kikali, kichachu au chenye mafuta yake. Na hakuli peke yake, hilo tumpe. Pale karakana yao nyuma ya soko la Kakamega, saa ya chakula ikifika, yeye ndiye hufungua begi lake mwisho, huku wenzake, Mike na Khisa, wakimkodolea macho. Wiki hii anatoa achari ya embe aliyoipata kwa mama mmoja wa Mumias. Wiki ijayo ni ukwaju uliochemshwa na sukari mpaka ukawa mzito. Kuna pilipili ya kusaga aliyoipata kwa muuza chipsi mmoja aliyekataa kabisa kumwambia anaitengenezaje, mpaka Ignatius alipomshonea kiti chake kilichopasuka.

"Onjeni, jamani," atasema, kisha asile. Atakaa awatazame nyuso zao kwanza. Mike atatokwa na jasho, Khisa atauliza kama hicho ni chakula ama ni moto, na Ignatius atacheka mpaka misumari aliyoibana midomoni imdondoke.

Lakini hayo yote yalikuwa mapambo tu. Sosi yenyewe, ile iliyomfanya afumbe macho, ilikuwa ya simsim. Simsim iliyokaangwa ikasagwa juu ya jiwe, ikatiwa pilipili zile ndogo zenye hasira, nyanya iliyokaushwa, na munyu wa majivu, ile chumvi yetu ya maji inayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Ukiionja unasikia kwanza utamu, halafu moshi kidogo, halafu unatafuta maji.

Alikutana nayo jioni moja, ndoa yake ikiwa bado changa. Alifika nyumbani kwao Shieywe akiwa hoi, mkewe Pascalia akamwekea obusuma, kunde na kibakuli kidogo. Ignatius akachovya, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Pascalia!" alisema. "Hii ni ya mama. Si ulikuwa kwenu juzi?"

Ni kweli, Pascalia alikuwa ametoka Khwisero kwa wazazi wake juzi yake. Alifungua mdomo aseme kitu.

"Hata usiniambie," Ignatius akaendelea. "Mkono wa mama haujifichi. Hii si kazi ya nyinyi watoto wa juzi."

Pascalia akaufunga mdomo, akacheka kidogo. "Kula basi," alisema.

Akala. Akaendelea kula hivyo miaka na miaka. Na kwa kuwa chombo kilicholetwa na kitu ndani hakirudishwi kikavu, jambo ambalo huku kwetu hata mtoto hafundishwi mara mbili, Ignatius alikuwa haachi mkewe aende Khwisero mikono mitupu. Alimpa chupa ya achari ampelekee mama, au ya ukwaju, au tomato sosi ile nzito. Yeye mwenyewe angemshukuru vipi? Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta kichaka cha kutazama. Hakuwahi kumwona yule mama akitia hata tonge mdomoni. Shukrani zake zote alizitia ndani ya chupa.

Kitu kimoja kilimshangaza kidogo. Akituma achari kwenye chupa ya jamu, sosi ilirudi kwenye chupa ya kahawa. Akituma ya kahawa, ilirudi kwenye ya asali. Zile zake hazikurudi hata moja. Ignatius alisema moyoni kwamba mama ana chupa nyingi, akaliacha hapo.

Sasa sikiliza alivyoharibu.

Jumapili moja aliwaalika Mike na Khisa nyumbani waje waile hiyo sosi na ingokho, kuku wa kwetu, kwa sababu ile aliyowapelekea karakana ilikuwa inaisha kabla hawajashiba. Yeye akatoka kwenda kununua soda, akakutana na watu, akapiga domo. Aliporudi aliwakuta wageni wameshafika, wamekaa uani na vikombe vya maji. Chakula kikaletwa. Wakala. Sosi ikazunguka. Ignatius akaona raha inamzidi, akasimama na kijiko mkononi.

"Mnaona hii?" alisema. "Hii imetoka Khwisero kwa mama mkwe. Yule mama ana mikono, nyinyi! Huyu wangu nilimwambia aende akae huko hata mwezi, afundishwe, kwa sababu hapa mimi ninakulanga chumvi na maji ya moto tu!"

Wakacheka. Pascalia naye akacheka, akaanza kukusanya sahani ilhali watu walikuwa bado wanakula. Mike alibaki ameshika paja la ingokho hewani, anamtazama mwenye nyumba kama anayengoja sehemu ya pili ya mzaha. Ignatius alikuwa ameshakaa, anachovya.

Asubuhi yake Pascalia alifunga begi.

"Naenda kwa mama."

"Sawa. Utakaa?"

"Si ulisema mwezi?"

Ignatius akacheka, mwanaume huyu! Akakimbia kabatini akatoa chupa mpya ya achari. "Mpelekee mama hii. Na usisahau sosi, iliyobaki ni kidogo." Pascalia akaitazama ile chupa, akamtazama yeye, akaitia begini. Akambeba mtoto wao Michelle mgongoni, akaenda.

Wiki ya kwanza Ignatius alikula vizuri, akalala vizuri. Wiki ya pili alianza kupiga simu.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Michelle?"

"Anacheza."

"Sosi je?"

"Hakuna."

Simu ikakatwa. Ignatius aliitazama simu yake, akaifuta kioo kwa shati, kana kwamba uchafu ndio ulioleta jibu hilo. Hakuna? Kwa nini hakuna? Simsim imeisha Khwisero nzima? Au mama ni mgonjwa na wanamficha? Au ile achari ya mwisho ilikuwa imeoza, na mama ameichukulia vibaya? Aligeuza mambo kichwani mpaka akashona kiti cha mteja kitambaa kikiwa ndani nje, akalazimika kufumua chote.

"Hata sielewi," aliwaambia wenzake. "Nimemkosea nini yule mama?"

Mike na Khisa wakatazamana.

"Lakini Baba Michelle," alisema Khisa, "wewe si unajua vizuri?"

"Najua nini?"

"Basi. Kama hujui."

Wakarudi kugonga misumari. Usiwalaumu sana. Mambo ya nyumba ya mtu ni ya mtu, na pia hawakuamini kwamba kuna mwanaume anayeweza kutojua jambo kama lile. Walidhani anajifanya.

Ignatius hakuwa anajifanya, maskini. Alikuwa amepotea kabisa. Jioni alirudi kwenye nyumba isiyokuwa na kelele za Michelle, akapika obusuma wenye madonge, akakwangua chupa kwa ncha ya kisu. Tuseme wazi: sosi aliitaka, lakini mke wake alimtaka zaidi, akimwazia hata akiwa amekaa tu hapo kwenye kigoda bila kuongea. Ila kichwani mwake vitu hivyo viwili vilikuwa vimefungwa kamba moja. Aliona kwamba akijua mama mkwe amekasirishwa na nini, akamtuliza, sosi itarudi na Pascalia atarudi nayo. Kwa hiyo Jumamosi alivaa koti lake la harusi, akaichukua ile chupa ikiwa na mabaki ya mwisho chini, ili mama akumbuke ni sosi ipi, akapanda bodaboda mpaka Khwisero.

Hakutia kitu ndani ya chupa. Miaka yote hiyo yeye kazi yake ilikuwa kununua. Wa kuosha chombo na kukijaza kabla hakijabebwa alikuwa Pascalia. Na Pascalia hakuwepo wa kumkumbusha.

Baba mkwe, mzee Osiako, alimpokea vizuri. "Mulembe, mkwe!" Akaketishwa sebuleni. Mama Sellah, mama mkwe mwenyewe, alikuwa upande wa pili wa pazia, kwenye mlango wa kwenda jikoni, anaonekana visigino tu. Wote watatu walikuwa wanasikiana bila shida, lakini adabu ni adabu: maneno ya mama na ya mkwe yalipitia kwa mzee.

Pascalia, aliambiwa, yuko shambani na mtoto, anakuja.

Ignatius akaiweka chupa mezani.

Mzee akaitazama. "Mkwe, hii ni nini?"

"Ni chupa, baba."

"Naona ni chupa. Iko na nini?"

"Imeisha, baba."

"Anasema nini?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

"Anasema imeisha."

"Ameleta chupa tupu?"

"Tupu," alisema mzee, akaiinua kwenye mwanga. "Tena haijaoshwa."

Kikasikika kigoda kikivutwa, na mtu akikaa kwa uzito. Mzee Osiako alikuwa mtu wa utani, lakini sasa uso wake ulikuwa umeshuka. "Shikanga," alisema, na hakumwita mkwe, "kama umemchoka msichana wetu, si ungesema kwa mdomo? Ndiyo utuletee chupa chafu?"

"Woi! Hapana, baba!" Ignatius aliruka akasimama. "Nani amesema nimemchoka? Nimeileta ili mama aijaze!"

"Aijaze nini?"

"Sosi."

"Sosi gani?"

"Si ile ya simsim. Ile ambayo mama hunitumianga."

Mzee akageukia pazia. "Umekuwa ukimtumia mkwe sosi?"

"Mimi?" alisema Mama Sellah. "Mimi sijamtumia mkwe kitu tangu walipe ng'ombe. Na hiyo ndiyo imekuwa ikininyima raha. Mwonyeshe chupa zake."

Mzee aliinuka akafungua kabati la vyombo vya wageni. Zilikuwa humo zote, zimepangwa: achari ya embe, achari ya ndimu, ukwaju, tomato sosi, na ile ya mwisho aliyoileta Pascalia na begi. Baadhi zilikuwa zimefunguliwa zikachotwa kijiko kimoja. Nyingine bado zilikuwa na karatasi zake.

"Anasema hivi," mzee akaeleza, ingawa mama alikuwa ameshasema yote kwa sauti. "Kila msichana akija analeta chupa, anasema mkwe ametuma. Mama haelewi. Hajakutumia kitu, sasa unamrudishia nini? Kukurudishia chombo kikavu anaogopa, na cha kuweka ndani kinachomfaa mtu wa mjini hana. Mwisho akadhani labda umesikia hajui kupika, unamsaidia."

"Mama hajui kupika? Baba, mimi? Mimi ambaye mji wote nimeutangazia mkono wa mama?"

"Mkono upi? Umekula wapi chakula chake? Siku ya mahari si walipika majirani?"

Ni kweli. Walipika majirani. Ignatius akakaa tena, polepole, kwenye kiti ambacho, kama si siku mbaya, angekwisha kuona kwamba springi yake imekufa.

Chupa ikapitishwa chini ya pazia. Mkono wenye mikunjo ukaipokea. Wakamsikia mama akikwangua kwa kidole, akalamba, akakwangua tena.

"Mwambie si yangu," alisema mwishowe. "Pilipili mimi hunichoma kifua tangu zamani, siigusi. Lakini ni tamu, jamani! Munyu umekaa pale pale panapotakiwa. Muulize ni ya nani."

"Anauliza ni ya nani."

"Sasa, baba…" Ignatius alilitazama pazia, akamtazama mzee, akazitazama zile chupa kabatini. "Kama si ya mama… sasa itakuwa…"

"Mkwe," alisema mzee Osiako kwa upole, kama anayeongea na mtu aliyeamka sasa hivi, "kwani pale kwako Shieywe wanapika wangapi?"

Ndipo yote yakamjia, moja baada ya jingine, na kila moja lilimpiga kofi lake. Mdomo wa Pascalia ukifunguka na kufungwa. Chupa ambazo hazikuwahi kurudi. Sahani zikikusanywa watu wakiwa bado wanakula. Chumvi na maji ya moto! Si ulisema mwezi? Na yeye akamkabidhi achari. Kwa aibu akatamani kile kiti kimfunike na sponji yake yote.

Pascalia akaingia, jembe mkononi, Michelle nyuma yake na tope mpaka magotini. Alisimama mlangoni.

"Baba Michelle," alisema. "Umefuata sosi?"

"Nimekufuata wewe."

Pascalia akaiona chupa ikirudi kutoka chini ya pazia, imekwanguliwa ikang'aa. Akaelewa kilichotokea.

"Kwa nini hukuniambia?" Ignatius aliuliza. "Miaka yote hii, Mama Michelle."

"Ningekuambia lini? Kabla hujameza, ulikuwa umeshajua ni ya nani. Nikaona ni mzaha, nitakuambia kesho. Kesho ukaja na achari ya mama. Nikasema basi, acha asifiwe mama, mradi unakula. Lakini kuniambia mbele ya watu kwamba mimi ni maji ya moto, na mdomo wako umejaa sosi yangu?" Aliliegemeza jembe ukutani kwa nguvu. "Hapo nilichoka."

Nyuma ya pazia Mama Sellah aliguna. Hakuna aliyemtafsiria mkwe hiyo.

"Nitawaambia," alisema Ignatius. "Sasa hivi." Akatoa simu, akampigia Mike, akaiweka kwa sauti kubwa ili nyumba nzima isikie. "Mike, ile sosi ya Jumapili ile, nilisema ni ya mama mkwe. Si yake. Ni ya Mama Michelle. Ameisaga yeye mwenyewe, na mimi…"

"Kwani wewe hukujua?" Mike alisema.

"Eh?"

"Si tulimkuta anaisaga hapo nyuma ya nyumba ukiwa umefuata soda. Khisa hata alimshikia ungo. Uliposema ni ya mama mkwe tukajua unamtania, tukacheka. Halafu tukaona wewe hucheki. Sasa kweli, Baba Michelle, ulikuwa hujui?"

Mzee Osiako alikuwa anatazama dari, mabega yakimtetemeka.

Pascalia aliichukua chupa, akatoka nayo mpaka kwenye mtungi wa maji, akaiosha, akaikausha na leso, akarudi akamwekea mkononi.

"Nenda nayo," alisema. "Nitakuja. Nikifika niikute imejaa. Na isiwe ya duka."

"Isiwe ya… Mama Michelle, mimi nitaanzia wapi?"

"Hata mimi sikufundishwa na mtu."

"Mkwe," alisema mzee, akimfungulia mlango, "hapo mimi sina cha kukusaidia."

Alifika Shieywe akiwa na simsim kwenye mfuko na kizunguzungu kichwani. Ikaangwe kwanza au ioshwe kwanza? Akaiosha, akaikaanga ikiwa imelowa, ikarukaruka nje ya sufuria. Nyingine akaikaanga mpaka ikawa nyeusi. Jiwe la kusagia alilikuta nyuma ya nyumba limefunikwa na gunia, mahali anapopita kila asubuhi akienda chooni. Alilitazama kwa muda mrefu. Katikati lilikuwa limelika, likaacha bonde laini la mkono wa mtu. Alisaga mpaka kiuno kikamwambia basi. Akajifuta jasho kwa mkono wa pilipili, akalia machozi ya kweli hapo uani, jirani akachungulia. Munyu aliukuta kwenye chupa ya soda chini ya meza, maji ya rangi ya chai, akamimina kwa kukisia. Alipoonja hakuelewa ameonja nini. Akaijaza chupa hivyo hivyo.

Pascalia alikuja Jumamosi iliyofuata, begi begani. Alinawa, akaketi kwenye kigoda chake mbele ya obusuma wenye madonge, Michelle pajani. Akamega tonge, akalichovya.

Uso ukamkunjamana wote. Alimeza kwa shida, akanywa maji, akaiinua chupa akaitazama chini na juu.

"Uwi! Na hii mbaya hivi ni ya nani?"

"Yangu," alisema Ignatius upesi. "Ni mimi. Nimeisaga mwenyewe."

Pascalia akaitua chupa mezani.

"Wewe una bahati," alisema. "Umepata wa kukuuliza ni ya nani."

Ignatius akainamisha kichwa. Alipokiinua, Pascalia alikuwa amemega tonge jingine na anachovya tena.